Shajara ya mita 60 za Nala: lami ya zamani, saruji na katani

Naandika hatua zikiisha, si kila siku. Anayetaka kuiga achukue anachotaka, ila asome na sehemu tulizochemka kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.

3 Mei: Rundo

Njia ya kuingilia kiwanda chetu cha matofali hapa Nala, Dodoma, upande wa barabara ya Singida, ina mita 60 tu, lakini ni mita 60 za mateso. Kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mvua zikianza, Fuso la mchanga linazama kabla halijafika getini na vijana wanashusha mzigo kwa machepe. Mzee mwenye kiwanda ameshamwaga moramu mara tatu, na mara zote tatu maji yameondoka nayo.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya udongo na barabara. Kazi zangu ni za vibarua vya hapa na pale, na kiwandani napima matofali. Mwezi uliopita nilipita sehemu ambako mkandarasi alikuwa amekwangua lami ya zamani na kuirundika pembeni, rundo kubwa kama nyumba. Wengi wanaona takataka. Mimi nikaona kokoto nzuri za granaiti ambazo mtu alishazilipia, akazivunja na kuzichekecha, na kila moja bado imevaa koti la lami.

Tuliomba kwa barua, tukajibiwa kwa barua. Hilo nalisema kwa sababu kuna watu wataenda na kirikuu usiku. Vifaa vya barabara ya umma vina mwenyewe, hata vikionekana vimetupwa.

Mpango: kuijenga njia yetu kwa lami hiyo ya zamani, vipande vitatu vya mita 20, upana mita 4. Kipande A saruji peke yake, B saruji na nyuzi za katani, C saruji pungufu na katani. Mzee aliuliza, "Mwanangu, katani si ya kamba?" Nikamwambia ndiyo, na tofali la udongo si huwa tunalitia majani ili lisipasuke? Akanyamaza kidogo, kisha akasema sawa, ila nisizidishe milioni tano. (Nimezidisha. Tutafika huko.)

17 Mei: Nimeoka keki

Kosa la kwanza lilikuwa la kwangu binafsi, na la aibu, kwa sababu nina miaka kumi na moja maabara.

Sampuli ya udongo unaikausha kwenye oveni nyuzi joto 105 usiku kucha. Mkono umeshazoea, hata hufikirii. Nikajaza trei mbili za lami ya zamani, nikaweka 105, nikaenda kulala. Asubuhi dada tunayeshirikiana naye maabara akafungua oveni, akaniita: "Kaka, hii keki ni ya harusi ya nani?" Trei zote mbili zilikuwa bonge moja jeusi linalong'aa. Lami ya kawaida ya 60/70 (daraja la ugumu wake) huanza kulainika karibu na nyuzi 50. Ya zamani imekakamaa zaidi kwa kukaa juani miaka mingi, lakini kwa 105 hata yenyewe inasalimu amri. Trei moja tumeitupa.

Dawa: kausha juani, au oveni isizidi nyuzi 60, hata kama itachukua siku mbili. Na usichekeche ikiwa bado ya moto.

Kwenye chekeche kuna mtego mwingine. Punje unayoiona ni ya milimita 20, ukiigonga kwa nyundo inageuka punje tano ndogo zilizogandana. Kwa hiyo chati inasema una kokoto kubwa za kutosha wakati una madonge. Tulipasua madonge yote makubwa kwa mpini wa nyundo, tukachekecha upya. Kilichopita chekeche dogo kabisa, la milimita 0.075, kilikuwa asilimia 3 hivi. Kidogo mno. Hapo nilipaswa kushtuka, sikushtuka.

7 Juni: Moldi za kwanza

Lami ya zamani tupu, saruji asilimia 2, 4 na 6 kwa uzito mkavu. Moldi ya CBR (kopo la chuma la kushindilia sampuli), nyundo ya kilo 4.5, matabaka matano, mapigo 62 kila tabaka. Kutunza siku 7 ndani ya mfuko wa nailoni, kuloweka kwa muda wa saa 4, kubonyeza.

Kwanza, usitegemee kupata kwenye grafu kile kilima kizuri cha uzito na unyevu ulichofundishwa chuoni. Mstari unakwenda karibu sambamba, maji yakizidi yanachuruzika chini ya moldi. Tulichukua unyevu wa asilimia 6 kwa sababu hapo ndipo maji yalipoanza kutoka.

Majibu, kwa MPa (megapaskali, kipimo cha nguvu ya kuhimili kubonyezwa): MPa 0.6, MPa 1.1, MPa 1.5. Kitabu cha usanifu wa barabara cha Wizara ya Ujenzi cha 1999 kinataka MPa 1 kwa daraja la C1 na MPa 2 kwa C2, yaani madaraja ya tabaka la barabara lililotiwa saruji. Nilitaka C2. Asilimia 6 ya saruji haijafika, na huko bei inaanza kuuma.

Nilichukua kipande kilichovunjika nikakiangalia kwa kioo cha kukuzia. Uji wa saruji ulikuwa umeganda vizuri kabisa, wa kijivu, mgumu. Lakini nilipouchokonoa kwa ncha ya kisu ulibanduka kwenye kokoto kama ganda la yai lililochemshwa, ukaacha uso mweusi, laini, usio na alama. Saruji haishiki lami. Inashika jiwe. Tulikuwa tunamwaga saruji kwenye kokoto zilizovaa makoti ya mvua.

14 hadi 21 Juni: Vumbi la kokoto, na katani inakunywa

Suluhisho halikuwa saruji zaidi. Tuliongeza vumbi la kokoto kutoka machimboni: robo vumbi, robo tatu lami ya zamani. Vumbi linajaza nafasi ambazo ile asilimia 3 haikuweza kujaza, na lina nyuso safi ambazo saruji inazishika. Kwa saruji ileile ya asilimia 4 tulitoka MPa 1.1 tukafika MPa 2.1. Mashine ilisoma mzigo wa kilonyutoni 38. Nilibonyeza ya pili kuhakikisha, ikaja 37.

Kama utaishia kusoma hapa na usitake habari za nyuzi, chukua hilo.

Sasa katani. Singa za mkonge daraja la UG, la chini, zilitoka Morogoro kwa basi, kilo moja Sh 4,500 ikiwa imefika. Tulikata kwa mkasi urefu wa milimita 30 tukachanganya kavu. Moldi ya kwanza ilipotolewa ilivunjika chini ikamwagika mezani kama pumba. Ya pili vilevile. Nilidhani nimepima maji vibaya. Nikapima tena, yako sawa. Dada wa maabara ndiye aliyechukua singa chache akazitumbukiza kwenye glasi, tukaenda kula, tuliporudi akazikamua akazipima: kilo moja kavu inageuka kilo mbili na kitu. Katani ilikuwa inakunywa maji ya saruji.

Tangu hapo katani inalowekwa usiku mzima, inakamuliwa kwa mkono mpaka isidondoke, ndipo inaingia. Ina faida ya pili: kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita na wa saba, singa kavu ukiinua kiganja zinakwenda Singida kabla yako.

Tulijaribu asilimia 0.25, 0.5 na 1. Asilimia 1 ilijikunja ikawa viota vya ndege, hakuna nyundo inayoweza kushindilia kiota. Asilimia 0.5 ilitoa MPa 1.7. Asilimia 0.25 ilitoa MPa 2.0, yaani chini kidogo ya saruji peke yake.

Watu wengi wangeishia hapo wakasema katani haina maana. Lakini angalia namna sampuli inavyokufa. Ya saruji tupu inapanda, inapanda, halafu paa! Mshale unarudi sifuri na vipande viko sakafuni. Yenye katani ilipofika kilele ilipasuka, nikaona ufa unashuka kutoka juu, mshale ukarudi mpaka karibu nusu, ukakaa hapohapo. Nikaendelea kubonyeza. Bado inabeba. Nilipoitoa ilikuwa na nyufa tano na nikaibeba kwa mkono mmoja mpaka dirishani. Ndani ya ufa singa zilikuwa zimekaa kama kushona, nyingine zimenyooka, nyingine zimechomoka upande mmoja.

Barabara ya saruji haifi kwa kubonyezwa. Inakufa kwa ufa, maji yanaingia, gari linapita, ufa unatafuna. Ndiyo sababu niliendelea.

Tulijaribu na viroba vya sandarusi, vile vya unga, tukavikata vipande vyembamba. MPa 1.9. Plastiki hainywi maji, haiozi, haijali saruji. Lakini ni laini, inachomoka kwenye ufa kama panga kwenye ala, na kukata kiroba ni adhabu, kinafumuka chote. Tukakiacha. Septemba nilikikumbuka.

Sampuli sita za katani nimeziweka pembeni kwa siku 90. Tatu zinakaa ndani ya nailoni yenye unyevu, tatu zinalowekwa na kuanikwa juani kwa zamu, kila baada ya siku tatu. Mlinzi wetu, babu wa Kigogo asiyekosa kitu, anaziita wagonjwa wangu. Kila asubuhi nikimaliza kumwamkia, yeye ananiuliza wagonjwa wameamkaje.

12 Julai: Kukata kilo mia

Tunahitaji karibu kilo 100 za katani ya milimita 30. Mkasi ulikata kilo mbili kwa siku na malengelenge matatu. Panga na gogo: kilo tisa, lakini urefu ovyo.

Tukaazima mashine ya kukatia majani ya ng'ombe kwa mama mmoja mfugaji wa jirani. Dakika nne tu singa zikajisokota kwenye shafti, mashine ikakoroma, ikazima. Tulitumia saa nzima kuzikata kwa wembe moja moja, na mama amesimama mlangoni hasemi neno, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko angesema.

Kilichofaulu: fungu la singa unene wa kifundo cha mkono, linalozungushiwa karatasi ya mfuko wa saruji na kubanwa kama sigara ya msokoto, kisha linasukumwa likiwa limenyooka. Kisu kinakata sigara nzima, nyuzi hazipati nafasi ya kutanga. Kilo 100 siku mbili. Vijana na mafuta Sh 90,000, na mama tulimpelekea debe la pumba.

26 Julai: Kipande A

Yaliyo ya kawaida kwa kifupi: tulichonga tuta, tukashindilia chini, tukaweka mteremko wa maji kulia. Tukamwaga mchanganyiko unene wa sentimita 20 ili ukishindiliwa ubaki 15. Mifuko 20 ya saruji ya daraja la 32.5 tuliipanga kwanza ikiwa imefungwa, kila mmoja kwenye mraba wake, ndipo tukaipasua na kusambaza kwa reki. Ukianza kupasua kabla ya kupanga, utamaliza saruji mita tano kabla ya mwisho.

Greda la kukodi kwa mita 20 ni kichekesho. Tulileta pawatila kutoka Bahi, zile za mashamba ya mpunga. Zile kucha zake za kuzunguka zinachanganya vizuri kuliko nilivyotegemea: mara mbili kavu, boza likanyunyiza, mara mbili mbichi. Rola ya kusukuma kwa mkono ikafuata. Saa moja na dakika arobaini tangu maji yaguse saruji, tumemaliza. Nilifurahi mno. Nilimpigia Mzee simu.

2 Agosti: Waridi haifiki chini

Siku saba. Nilichimba shimo la ukaguzi pembeni, ukuta wake nikaunyoosha kwa kisu, nikapuliza fenolifthalini. Hii ni dawa ya maabara isiyo na rangi, ikigusa penye saruji inageuka waridi iliyokolea. Kila mtu anayefanya kazi hii awe na kichupa.

Sentimita 11 za juu zikawa waridi kama kanga mpya. Sentimita 4 za chini zikabaki nyeusi vilevile.

Kucha za pawatila hazifiki sentimita 20. Nilijua urefu wake, nilipima mwenyewe, ila nilipima zikiwa zimening'inia hewani, si zikiwa zimebeba uzito juu ya lami iliyolegea. Chini ya barabara yangu kulikuwa na tabaka la lami ya zamani isiyo na chochote. Saruji yote ya sentimita 15 ilibaki kwenye 11, kwa hiyo juu kuna saruji nyingi kuliko nilivyopanga, na saruji ikizidi, nyufa zinazidi.

Hatukufumua. Fedha haipo. B na C zitakuwa sentimita 12 zikishindiliwa, 15 zikiwa zimelegea. Anayelinganisha A na wenzake huko mbele akumbuke kwamba A si mtihani safi.

9 Agosti: Kipande B, siku mbaya

Pawatila na katani haviwezi kukaa pamoja. Hilo nililijua kutokana na mashine ya ng'ombe, kwa hiyo katani haikumwagwa barabarani. Tuliichanganya kwanza na vumbi la kokoto kwenye mikisa ya zege ya kiwandani, kidogo kidogo, mtu mmoja akinyunyiza singa kama anayetia chumvi. Vumbi linaingia kati ya singa na kuzitenganisha. Ule mchanganyiko ndio ukasambazwa juu ya lami ya zamani, pawatila ikapita. Kucha zilibeba singa chache tu, tukazisafisha mara moja. Hii sehemu ilifaulu na ninajivunia.

Kisha, mita 12 zikiwa zimeshindiliwa, rola ikazimika. Saa tano na nusu asubuhi, jua limesimama, upepo wa kukausha nguo kwa dakika kumi. Mwenye rola alikuja na bodaboda baada ya saa mbili na robo, akagusa waya mmoja, ikawaka. Ule muda wote mita 8 zilikuwa zimelala wazi, saruji inakaza. Nilijua zimekufa. Hata hivyo tukazishindilia, kwa ile tamaa ya mtu aliyeshatumia hela.

Jioni nilipima uzito kwa kipimo cha mchanga. Mita 12 za kwanza: asilimia 97 ya uzito wa maabara. Mita 8 za mwisho: 89. Ukikwangua kwa kisigino inatoka unga.

Hasara: mifuko 7, katani kilo 19, siku ya rola, vibarua. Jumla Sh 474,500. Nimeandika kwa tarakimu ili iniume kila nikisoma.

16 Agosti: B tena, na C

Mabadiliko yaliyofanya siku hii iende:

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapa kuna ubishi ambao sijaumaliza kichwani: lami ya zamani ikiwa na joto inashindilika vizuri zaidi, unaiona inakaa, na saa sita mchana uso wake unachoma kiganja. Lakini joto hilohilo linakimbiza saruji na maji. Kwa huku kwetu nimechagua asubuhi, na rola ikapita mara nne zaidi.

Hatukuchanganya kipande kizima. Mita 7 kwa mara moja, tunamaliza, ndipo tunapasua mifuko ya mita 7 zinazofuata. Rola ikifa, inakufa na mita 7 tu.

Kebo ya ziada ya kuwashia ilikuwa mfukoni mwangu.

Mita 8 mbovu tuliziondoa kwa sururu. Hata zikiwa mbovu zilitusumbua, kwa sababu ya katani: sururu inaingia, bonge haliachii, linaning'inia na singa. Kijana mmoja alisema kama hii ndiyo mbovu, hataki kuja kubomoa nzuri.

C ilichukua mifuko 12, asilimia 3, katani ileile 0.25.

6 Septemba: Nyufa

Wiki tatu tangu tumalize B na C, wiki sita kwa A. Kumwagilia ilikuwa asubuhi na jioni siku 7, nailoni juu yake. Nailoni ya A iliruka na upepo siku ya pili, tukaikuta imekumbatia mti wa mkwaju. Baadaye tulizika kingo zake kwa mchanga. Nailoni Sh 110,000.

A ina nyufa nne zinazokata upana wote, kila baada ya mita nne au tano hivi. Mmoja unapitisha ukucha. B ina nyufa mbili nyembamba kama unywele, hazijafika ukingoni. Ukimwaga maji juu yake ndipo unaziona, pale yanapochelewa kukauka. C ina ufa mmoja wa namna hiyo, lakini ukingo wake wa kushoto umeliwa pale Fuso linapokata kona. Saruji ya asilimia 3 haitoshi pembeni, katani au si katani. Maabara ilishaniambia MPa 1.5, nikajifanya sijasikia.

13 Septemba: Wagonjwa

Siku 90 zimetimia. Nimebonyeza zote sita.

Tatu za kwenye unyevu: MPa 2.9, 2.8, 2.9. Saruji inaendelea kukomaa, sawa. Zikipasuka zinabaki zimeshikana, vizuri tu.

Tatu za kulowekwa na kuanikwa: nguvu karibu ileile. Lakini ya kwanza ilipofika kileleni nilisikia paa! Ile sauti. Nikatazama ufa: singa zimo, zimekatika zote usawa mmoja, hakuna iliyochomoka. Nilivuta moja kwa kibano. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na nilipoikunja ikavunjika kama njiti ya kiberiti.

Maji ya ndani ya saruji ni makali, pH yake inapita 12. Yanatafuna ile gundi inayoshikanisha chembe za katani, na chokaa inaingia na kuganda ndani ya singa. Kulowa na kukauka kunaharakisha. Nilishasoma hili. Kulisoma na kulivunja mkononi ni vitu viwili.

Basi B yangu ambayo haina nyufa kubwa ina saa inayohesabu. Kinachonipa moyo ni kwamba nyufa nyingi za kunywea kwa saruji huja wiki za mwanzo, na hizo katani imeshazizuia. Baada ya hapo kazi ni kuzuia maji yasiingie.

20 Septemba: Kufunika, na hesabu

Lami ya maji, ile inayochanganyika na maji na haihitaji moto, mapipa mawili, tukamwaga na kutandaza mchanga mkali juu, mara mbili. Nyufa za A tulizijaza kwanza kwa mkono, kwa birika.

Gharama zote, pamoja na hasara: saruji mifuko 58 (mitatu ya maabara) kwa Sh 17,000, jumla 986,000. Katani kilo 125, Sh 562,500. Vumbi la kokoto 560,000. Kubeba lami ya zamani 480,000. Pawatila 240,000, rola 600,000, boza 240,000, vibarua 840,000, lami ya maji 760,000. Ongeza kukata katani na nailoni niliyotaja. Sh 5,468,500 kwa mita za mraba 240, yaani karibu 22,800 kwa mita moja. Mzee alisoma karatasi mara mbili, akauliza ile 474,500 ni ya nini. Nikamwambia ni ya waya mmoja.

Hesabu moja ni ya muhimu kwa anayeiga. Katani ya kipande kimoja ni Sh 216,000. Kupunguza saruji kutoka asilimia 4 hadi 3 kumeokoa mifuko minne, Sh 68,000. Kwa hiyo anayekuambia utumie nyuzi ili upunguze saruji hajawahi kulipia zote mbili. C lilikuwa wazo baya, na lilikuwa langu. Nikirudia: saruji asilimia 4, vumbi la kokoto robo, nyuzi kwa ajili ya nyufa tu, na asilimia 5 ya saruji kwenye nusu mita za kingo.

4 Oktoba: Moldi mpya

Najaribu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni majivu ya pumba za mpunga kutoka Bahi badala ya sehemu ya tano ya saruji. Majivu yaliyoungua vizuri, ya kijivu, yanakula ile chokaa inayoizeesha katani. Yaliyobaki meusi ni mkaa tu, tuliyatenga. Tuliyasaga kwenye kinu cha nyumbani na mke wangu hajanisamehe. La pili ni viroba, safari hii vimekatwa kwa mashine ya ng'ombe ndani ya sigara ya karatasi, vikasuguliwa kwanza na vumbi la kokoto kwenye mikisa kavu kwa dakika kumi ili visiwe laini sana.

Majivu yamepunguza nguvu ya siku 7, MPa 1.6. Nilitegemea, yanachelewa. Viroba vilivyosuguliwa: MPa 2.0, na kwenye ufa vinashika kuliko mwanzo, ingawa bado baadhi vinachomoka.

Sampuli nne za kila aina ziko kwenye zamu ya ndoo na jua.

13 Desemba: Mvua

Imenyesha usiku kucha, mvua ya kwanza ya maana. Nilifika saa kumi na mbili na robo. Maji yalikuwa yanakimbia kulia kama tulivyopanga, isipokuwa pale kwenye ukingo wa C ulioliwa, ambapo kuna dimbwi la ukubwa wa beseni. Fuso la kwanza lilipita saa mbili likiwa na mchanga, halikukwama. Dereva hakugundua kitu, alipiga tu honi getini kama kawaida.

A imetoa maji ya kijivu kwenye ufa mmoja, ule wa ukucha. Chini yake kuna zile sentimita nne. Nitaufungua Jumatatu kama hainyeshi.

Babu mlinzi alikuwa amekwishaingiza ndoo za wagonjwa chini ya paa. Alifikiri mvua itawazidishia dozi. Nilimwambia ahsante babu, lakini leo ilikuwa zamu yao ya kulowa, tukazitoa tena nje wote wawili. Zinabonyezwa Januari.